Chuma huchokaje? Ufa mdogo ulioangusha ndege kubwa, kuanzia Elba hadi Lusaka

Tangu Novemba 2025, video ya ndege ya mizigo iliyoanguka Louisville, Kentucky, huko Marekani, imekuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Mbeya na Iringa na kuzua ubishi usiokwisha. Ndege hiyo aina ya MD-11 iling'oka injini ya kushoto pamoja na kishikizo chake wakati ikipaa. Wachunguzi walipotoa ripoti ya awali na kutaja nyufa za uchovu wa metali kwenye kishikizo hicho, ubishi ukapamba moto. Wapo wanaosema huo ni uongo wa kuficha kosa la mtu, kwa sababu chuma si binadamu hata kichoke. Wapo wanaosema ndege ilikuwa kuukuu tu, ya miaka 34, basi hakuna la ziada la kueleza. Na wapo walioapa kwamba hawakanyagi tena uwanja wa Songwe, watapanda basi la usiku mpaka Dar es Salaam. Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike, kwa sababu barabara ile, kuanzia Mlima Nyoka hadi Kitonga, sote tunaijua na tumezika watu kwa ajili yake. Mtu akichagua njia ya kusafiri kwa hofu asiyoielewa, anaweza kukimbilia penye hatari kubwa zaidi.

Basi tuanze mwanzo. Uchovu wa metali ni hali ya kipande cha metali kupata ufa, ufa huo ukakua, na mwishowe kipande kikakatika, kwa sababu ya kubebeshwa mzigo na kupunguziwa, kubebeshwa na kupunguziwa, mara nyingi mno. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mzigo wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Unaweza kuwa nusu ya ule ambao kipande hicho kingeubeba siku ya kwanza bila kutikisika. Ubaya uko kwenye kurudiarudia. Kila mara mzigo unapopanda na kushuka tuseme ni mzunguko mmoja, kwa sababu hesabu ya mizunguko ndiyo itakayotuongoza mpaka mwisho wa makala haya.

Kwa sisi tunaoishi kando ya barabara ya Zambia, ushahidi tunao mlangoni. Nenda gereji yoyote ya malori kati ya Makambako na Tunduma, omba uonyeshwe springi iliyokatika. Utapewa bapa nene la chuma ambalo mtu mmoja analinyanyua kwa taabu. Litazame pale lilipokatikia, kwenye uso wenyewe wa mkato. Mara nyingi utaona sura mbili. Upande mmoja, hasa ulio karibu na tundu la bolti ya katikati au kwenye ukingo wenye mkwaruzo, ni laini, umeingia weusi au kutu, na ukiuelekeza juani utaona mistari myembamba iliyopinda ikifuatana. Upande wa pili unang'aa na una chembechembe za kukwaruza kidole. Huo wa pili umekatika siku hiyohiyo. Ule laini ulikuwa unakatika kidogo kidogo kwa wiki au miezi, lori likiendelea kupanda na kushuka na mzigo wake wa kawaida, dereva hana habari. Fundi mzoefu hahitaji hata kusimuliwa. Dereva atasema springi ilikatika kwenye shimo fulani pale Chimala. Fundi akishaona ule weusi anajua kwamba Chimala ilimalizikia tu.

Hizo sura mbili zishike kichwani. Wachunguzi wa ajali za ndege, wakishaokota mabaki, hutafuta kitu hichohicho kwa hadubini: wapi ni laini, wapi ni chembechembe, na mistari inaanzia tundu gani.

Kinachotendeka ndani ya metali ni hiki. Hakuna kipande kilicho sawasawa kila mahali. Kuna tundu lililotobolewa, kuna kona, kuna mkwaruzo, kuna kidonda cha kutu. Mzigo unapopita humo haugawanyiki sawa kwa sawa. Hujilundika pembeni mwa tundu au kwenye kona. Hapo, katika eneo dogo ambalo jicho haliwezi kuliona, metali hujongea kidogo na isirudi vilevile. Ikitokea mara moja si kitu. Ikitokea maelfu ya mara, ufa huzaliwa. Na ufa ukishazaliwa, ncha yake ni kali kuliko kona yoyote, kwa hiyo nao unalundika mzigo mbele yake na kujisogeza. Mwanzoni husogea taratibu sana. Kadiri unavyorefuka ndivyo unavyozidi mwendo, mpaka siku ambayo metali iliyobaki haitoshi kubeba hata mzigo wa kila siku.

Jambo hili halikugunduliwa na watu wa ndege. Watu wa reli walilia nalo zamani kabla yao, ekseli za treni zilipokuwa zikikatika Ulaya katika karne ya 19. Mhandisi Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio ya miaka mingi katika miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba kinachoamua ni ukubwa wa mzigo pamoja na idadi ya marudio. Kwa chuma cha ekseli na springi ipo nafuu moja: mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, chuma huweza kuvumilia karibu bila kikomo. Aloi za alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, ambazo ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya ndege duniani, hazina kiwango cha wazi namna hiyo. Hata mzigo mdogo ukirudiwa vya kutosha utaacha alama. Kwa hiyo mtu anayetengeneza ndege ya alumini anajua tangu mwanzo kwamba ina hesabu yake.

Kwa nini ndege hutanuka na kunywea

Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege ya jeti ikiwa katikati ya safari huwa mita 10,000 na zaidi, ambako msukumo wa hewa ni kama robo ya ule wa pwani. Binadamu hawezi kukaa kwenye hewa hiyo, kwa hiyo hewa husukumwa ndani ya kebini ili abiria wawe kana kwamba wako kwenye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Mtu aliyekwenda kutazama maua ya Kitulo amefika juu kuliko hapo.

Sasa ndani kuna hewa nzito, nje kuna hewa nyepesi, na kinachozitenganisha ni ukuta wa bati. Kwenye ndege ya jeti iliyofika juu, kila mita moja ya mraba ya ukuta huo husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayofikia uzito wa tani 5 hadi 6. Bati lenyewe, kwenye Boeing 737 za zamani, lina unene wa karibu milimita 1 tu katika sehemu nyingi, likishikiliwa na mbavu za ndani na maelfu ya ribiti, yaani misumari ya kubania mabati. Ndege inapopaa, bodi hutanuka kidogo. Inaposhuka, hunywea. Umeshapata mzunguko mmoja.

Ona basi hesabu inavyokwenda. Safari ya Dar es Salaam hadi Songwe ni mzunguko mmoja. Safari ya Dar es Salaam hadi Mumbai nayo ni mzunguko mmoja, ingawa ni ndefu mara kadhaa. Ndege inayoruka safari fupi fupi kutwa nzima huchosha bodi yake haraka kuliko ile inayovuka bahari mara moja kwa siku. Ndiyo maana kuuliza ndege ina miaka mingapi hakutoshi. Swali la kwanza ni imepaa na kutua mara ngapi.

Comet: ndege mpya iliyokufa kwa uchovu

Kama kuna kisa kinachovunja imani kwamba uchovu ni ugonjwa wa ndege kuukuu, ni hiki. De Havilland Comet ya Uingereza ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara. Tarehe 2 Mei 1952 ilifungua njia ya London hadi Johannesburg, ikisimama Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Afrika yetu ndiyo iliyoona jeti ya abiria kabla ya New York.

Tarehe 10 Januari 1954, ndege ileile iliyofungua njia hiyo iliondoka Roma kwenda London, ikavunjikia angani karibu na kisiwa cha Elba. Watu wote 35 walikufa. Ilikuwa na umri wa miaka 3 tu. Comet zikasimamishwa, zikakaguliwa, hakuna aliyejua chanzo, zikarudishwa kazini mwezi Machi. Tarehe 8 Aprili 1954 nyingine ikaondoka Roma kuelekea Cairo, nayo ikaanguka baharini kusini mwa Naples na watu wake wote 21.

Wachunguzi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, wakiongozwa na Arnold Hall, walifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa. Walichukua Comet nzima iliyokuwa ikitumika, wakaizamisha bodi yake kwenye tangi kubwa, wakaijaza maji ndani na nje, kisha wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo la ndani mchana na usiku, kila mara sawa na safari moja. Walitumia maji kwa sababu bodi ikipasuka kwa hewa hulipuka na kuharibu ushahidi. Kwa maji hufunguka tu ukaona pa kuanzia. Ndege hiyo ilikuwa imeshafanya safari halisi 1,221. Ndani ya tangi ilivumilia 1,836 zaidi, ikapasuka kwenye kona ya uwazi wa bodi. Jumla, mizunguko 3,057. Ile ya Elba ilikuwa imefika karibu 1,290.

Watu huuliza, je, De Havilland hawakujaribu kabla? Walijaribu, na kipande chao cha majaribio kilivumilia zaidi ya mizunguko 16,000. Kosa lilijificha mahali ambapo mimi hupaona pa kuogofya kuliko uzembe wowote: kipande hichohicho kilikuwa kimeshabebeshwa shinikizo kubwa mno hapo awali ili kupima nguvu zake. Mzigo huo mkubwa ulikuwa umeminya metali kwenye kona, na metali iliyominywa hivyo huchelewa kupata ufa. Jaribio la nguvu likawa limekiimarisha kipande cha jaribio la uchovu. Ndege za abiria hazikupata bahati hiyo. Watu makini, waliofanya kazi yao kwa bidii, walidanganywa na kipimo chao wenyewe.

Hapa nisahihishe na hadithi inayopendwa sana mitandaoni, kwamba Comet zilianguka kwa sababu ya madirisha ya mraba ya abiria. Kuna ukweli ndani yake, maana kona hulundika mzigo, na ndiyo sababu madirisha ya ndege za leo yana kona za mviringo. Lakini mabaki ya ndege ya Elba yalionyesha kwamba ufa ulianzia darini, kwenye uwazi wa antena, penye tundu la kifungio. Msukumo wa mzigo kwenye kona zile, pamoja na matundu ya ribiti na unene wa bati, ulikuwa mkubwa kuliko wabunifu walivyokokotoa. Dirisha la abiria limebeba lawama isiyo yake peke yake.

Asubuhi ya Lusaka

Kisa kilicho karibu nasi zaidi hakitajwi kabisa kwenye mabishano yetu, nami nashangaa. Jumamosi ya tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Dan-Air ya Uingereza ilikuwa ikitoka London kwenda Lusaka kupitia Athens na Nairobi. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Nairobi hadi Lusaka, unapita huku kwetu, magharibi kidogo mwa Tunduma. Asubuhi hiyo, ikiwa imeshaukaribia uwanja wa Lusaka na rubani ameshusha vibao vya nyuma ya mabawa kwa ajili ya kutua, bawa la mkia la kulia likang'oka. Bila bawa hilo pua huanguka chini na hakuna usukani wa kuinyanyua. Ndege ikagonga ardhi kilomita chache kabla ya njia ya kutua. Watu 6 waliokuwamo walikufa.

Ndege hiyo, iliyowahi kuwa mali ya Pan American, ilikuwa imeruka zaidi ya saa 47,000 na kutua zaidi ya mara 16,700. Wachunguzi walipofika kwenye boriti ya nyuma ya bawa lililong'oka, wakakuta ule uso wa sura mbili: ufa wa uchovu ulioanzia kwenye tundu la kifungio, ukasafiri kwa muda mrefu, kisha mkato wa ghafla.

Uchungu wa Lusaka uko kwenye jambo hili. Wabunifu walikuwa wamewaza kwamba kitu kinaweza kukatika. Boriti ile ilikuwa na sehemu zaidi ya moja, ili moja ikipasuka nyingine zibebe mzigo mpaka ndege itue na itengenezwe. Wazo zuri kabisa. Lakini lina sharti: lazima mtu aione ile iliyopasuka kabla hizo nyingine hazijachoka nazo. Ukaguzi uliokuwa umepangwa kwa mkia wa ndege hiyo haukuwa wa aina ya kuufichua ufa wa namna ile. Sehemu ya kwanza ilipasuka, hakuna aliyejua, ndege ikaendelea kufanya kazi huku ikitegemea sehemu za akiba ambazo kila mtu aliamini bado ni za akiba. Baada ya ajali, 707 nyingine za mkia wa aina hiyo zilipokaguliwa duniani, nyufa zilikutwa kwenye ndege 38.

Ajali hiyo ya Zambia ni miongoni mwa zilizobadili namna ndege zinavyoidhinishwa. Kanuni za Marekani zilirekebishwa mwaka 1978, na fikra mpya ikawa hii: chukulia kwamba ufa upo tayari tangu siku ya kwanza, hata kama huuoni. Kokotoa utakua kwa kasi gani. Kisha panga ukaguzi uwe wa mara nyingi kiasi kwamba hata ukikosewa mara ya kwanza, utakamatwa kabla haujafikia urefu wa kuua. Abiria wa leo anayeshuka Songwe salama ananufaika na somo lililoandikwa na watu 6 waliofia pale Lusaka, na ningependa watoto wetu wanaosoma fizikia shuleni wafundishwe hivyo.

Chumvi na viraka

Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa ikiruka kati ya visiwa vya Hawaii ilipopoteza sehemu ya paa lake yenye urefu wa mita 5 na ushee, juu ya vichwa vya abiria, ikiwa mita 7,000 angani. Mhudumu mmoja alitupwa nje akafa. Marubani walifaulu kutua na wengine wote wakaokoka. Ndege ilikuwa ya miaka 19, na ilikuwa imeruka mara 89,680, kwa sababu safari za kisiwa hadi kisiwa ni za dakika chache. Juu ya hayo, hewa ya bahari ilikuwa imeingia kwenye maungio ya mabati na kulegeza gundi iliyopaswa kusaidia kubeba mzigo. Ribiti zikabaki zinabeba peke yake. Nyufa ndogo zikazaliwa kwenye matundu mengi yaliyopangana mstari mmoja, kila moja fupi kiasi cha kutotisha, mpaka siku zilipoungana.

Aloha ilifundisha kwamba hesabu ya ufa mmoja haitoshi. Nyufa nyingi ndogo zikiwa jirani huangusha mpango wote wa sehemu za akiba. Kutokana na hofu hiyo, kanuni ya Marekani ya mwaka 2010 iliwataka watengenezaji waseme wazi, kwa kila aina ya ndege kubwa, kikomo cha mizunguko au saa ambacho ndege haitaruka tena, hata ikionekana nzima.

Kuhusu viraka, abiria wengi hushtuka wakiona kwenye bodi bati jingine limepigiliwa juu ya bati. Kiraka kilichowekwa kwa vipimo sahihi ni matengenezo halali, na ndege nyingi nzima zinaruka navyo. Kilichoua ni kiraka kilichokosewa. Boeing 747 ya Japan Airlines ilikwaruza mkia wakati wa kutua mwaka 1978, na katika matengenezo ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kebini uliunganishwa vibaya: bati la kuungia lililotakiwa kuwa moja lilikatwa mawili, na mzigo ukabaki kwenye safu moja ya ribiti badala ya mbili. Ndege iliruka hivyo zaidi ya mara 12,000. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka, hewa ikavunja usukani wa mkia na kukata mabomba yote ya haidroliki, yaani ya mafuta yanayoendesha usukani. Marubani walihangaika nayo kwa dakika 32 bila usukani. Watu 520 walikufa, 4 wakapona. Hakuna ajali ya ndege moja iliyoua wengi kuliko hiyo. Na miaka 17 baadaye, Mei 2002, 747 ya China Airlines yenye watu 225 ilivunjikia angani karibu na Taiwan kwa sababu ya jeraha la mkia la mwaka 1980: bati lililokwaruzwa halikuondolewa, lilifunikwa tu, na ufa ukakua chini ya kiraka miaka 22 pasipo mtu kuuona kwa nje. Wote walikufa.

Mabawa yanayopinda na maswali mengine

Anayekaa dirishani huona bawa likipanda na kushuka ndege ikipita kwenye mawingu ya Uporoto, akaanza kusali. Kupinda huko kumekusudiwa. Bawa la ndege ya abiria hutengenezwa libebe mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kukutana nao, na bawa lisilopinda ndilo lingekatika upesi. Misukosuko hiyo huingizwa kwenye hesabu ya uchovu, lakini ni nadra mno kung'oa bawa zima lililokaguliwa.

Na ukaguzi wenyewe si kupiga tochi tu, ingawa tochi na jicho bado vinafanya kazi kubwa. Mafundi hupitisha kifaa chenye mkondo wa umeme juu ya bati, na penye ufa mkondo huvurugika. Hutumia mawimbi ya sauti kwa vipande vinene, rangi inayopenya kwenye nyufa, na eksirei. Kwenye ukaguzi mkubwa wa miaka kadhaa, viti, mazulia na dari huondolewa vyote mpaka mbavu za ndege zibaki wazi. Ni kazi ya wiki nyingi na fedha nyingi. Ndege ya miaka 25 iliyopitia hayo yote kwa uaminifu ni salama kuliko ya miaka 8 ambayo makaratasi yake yamejazwa mezani. Huko ndiko ningependa hasira zetu zielekezwe: kwenye kuuliza nani anakagua, na nani anamkagua mkaguzi.

Vifaa navyo vinabadilika. Air Tanzania ina Boeing 787, ambayo bodi yake imejengwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Kaboni haichoki kama alumini, na ndiyo maana hewa ya ndani ya ndege hiyo inaweza kuwekwa nzito zaidi, sawa na mwinuko wa mita 1,800 hivi, karibu sawa na hapa Mbeya mjini. Ina matatizo yake, hasa ikigongwa, maana inaweza kuumia ndani bila alama kubwa nje. Ndege za propela aina ya Q400 bado ni alumini kwa sehemu kubwa, na Airbus A220 imechanganya: bodi ni aloi ya alumini na lithiamu, mabawa ni kaboni.

Kuhusu Aloha kuna jambo dogo kwenye ripoti ya uchunguzi. Abiria mmoja, wakati anapanda, aliona ufa kwenye bati karibu na mlango. Hakumwambia mtu. Pale Songwe tunapanda kwa ngazi, na kabla ya kuingia bati la ndege liko mbele ya macho, karibu kiasi cha kuligusa. Utaona vichwa vya ribiti, rangi iliyochubuka, michirizi ya uchafu, pengine kiraka. Hivyo ni vya kawaida. Ukiona mstari mwembamba unaotoka ribiti moja kwenda nyingine, au pembeni mwa mlango au dirisha, mwambie mhudumu palepale na umwonyeshe kwa kidole. Atamwita rubani, rubani atamwita fundi. Kama ni rangi tu, mtachelewa kidogo na safari itaendelea.